Tunga Sentensi

Kabugho amerudi na daftari, penseli ameitafuna kichwa.
"Mama, mwalimu anasema tutunge sentensi moja
kwa neno chambua. Lina maana gani?"

Mimi Kiswahili sikukipata darasani.
Nilikiokota ng'ambo ya mto Lhubiriha, siku za soko,
kwa wauza vitenge na wauza samaki wa chumvi,
neno moja kwa bei, jingine kwa matusi,
mengine nikapewa nyongeza, kama nyanya ya juu ya fungu.
Chambua sikulinunua. Hilo lilinikuta ghalani.

Kaa basi. Nipe mkono wako.

Ghala la Kyarumba lina meza ndefu na dirisha moja.
Asubuhi Baluku humwaga gunia: kahawa mbichi, kijani chenye moshi,
na sisi wanawake tisa tunainamisha shingo.
Nyeusi, toa. Iliyotobolewa na mdudu, toa.
Iliyovunjika, iliyokaa kama sikio, toa.
Iliyochacha huijui kwa jicho
mpaka uilete puani.
Shilingi mia mbili kwa kilo, na usiku vidole vinaendelea vyenyewe
juu ya shuka, usingizini, vikitafuta.

Uandike hivyo? Ngoja. Usiandike bado.

Kuchagua ni jambo jingine. Anayechagua
amejua anachokitaka kabla hajafika;
ananyosha mkono, anachukua, anakwenda zake.
Kuteua ni kwa wakubwa: jina husomwa, watu hupiga makofi.
Na kubagua, mwanangu, hakuhitaji hata kugusa.
Unatazama kwa mbali tu, umeshamaliza.

Kuchambua lazima uguse.
Kila punje ipite chini ya kidole, nzima na mbovu,
na ile mbovu ndiyo unayoishika kwa muda mrefu zaidi.

Mboga nazo huchambuliwa. Dodo hii hapa,
wewe huivuta jani na shina pamoja,
ndiyo maana baba yako hutafuna kama mbuzi.
Na jioni redioni yuko bwana anayeitwa mchambuzi,
goli moja hulichambua mpaka ugali unapoa.
Mtu pia huchambuliwa. Shangazi zake baba yako
walinichambua mchana kutwa, nami niko nyuma ya pazia:
mrefu mno, anacheka kwa meno yote,
bibi yake alikuwa na kifafa.
Mbuzi wakapunguzwa wawili.

Hilo usiliandike.

Mwaka wangu wa kwanza mezani nilikuta punje ya duara.
Kahawa huzaliwa pacha, tumbo bapa kwa tumbo bapa;
hii ilikaa peke yake ndani ya tunda, ikajiviringa.
Nikaona ni kilema. Nikaitupa kwenye uchafu,
na nyingine, na nyingine, juma zima.
Ithungu, aliyekaa kushoto kwangu, hakusema kitu.
Aliingiza mkono katika uchafu wangu,
akazitoa moja moja, akazitia kwenye kopo la maziwa.
"Hizi zina mnunuzi wake," akasema. "Kwa bei mara mbili."
Jioni ile tuliuchambua uchafu, mimi na yeye,
mpaka taa ikaisha mafuta,
na Baluku akagonga mlango akidhani tunaiba.

Kabugho ameandika. Amefuta, karatasi imetoboka kidogo.
Ameandika tena:
Mama huchambua kahawa, kisha huchambua na alichokitupa.

Leo daftari limerudi na wino mwekundu.
Alama nusu. Pembeni: "Na ya nini hapa?"

Nimeitazama ile na, herufi mbili, imezungushiwa duara.
Nimeipitisha chini ya kidole.
Nimemwambia asiifute.